Zulia la Nyumba ya Busia

Mwezi uliopita nilikwenda Busia kumzika Bi Safia. Nilifika asubuhi, wanawake wamejaa sebuleni wamenyoosha miguu, na mmoja wao, binti wa rika la wanangu, akasogea kunipisha na kuniuliza kwa upole, "Mama, wewe ni nani wake marehemu?" Swali la kawaida msibani. Mtu hujibu kwamba yeye ni dada, au jirani, au walisoma pamoja. Mimi sikuwa lolote kati ya hayo. Mwishowe nikasema, "Mimi ni mtu wa Tororo," kana kwamba mji ni ukoo. Binti akainamisha kichwa kwa heshima akanionyesha nafasi ukutani, nami nikakaa pale uso ukiniwaka, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nimeshikwa tena na aibu ya mwaka ule niliokuwa mke wa Twaha. Hasira nilizokuwa nazo ujanani zimepoa, na huzuni nyingine nimezisahau pamoja na sababu zake. Aibu ile nikiigusa bado ina moto.

Nilikuwa nimevuka miaka ishirini kidogo. Twaha alikuwa mtu mzima tayari, mwenye malori mawili yaliyopakia saruji Tororo na kurudi na bidhaa za mpakani. Ijumaa alivaa kanzu iliyonyooka, siku nyingine alinuka dizeli na sabuni ya kipande, na alikuwa na namna ya kumsikiliza mtu akiwa ameinamisha shingo, kama anayeogopa kupoteza neno. Tulifunga nikaha kwa mjomba wangu. Hapo ndipo jina langu, Athieno, lilipobadilishwa nikawa Rehema, ingawa mama yangu kule Molo, kijijini kwetu nje ya Tororo, hakulitumia jina jipya hata siku moja. Mjomba alimwuliza Twaha habari za mke wa kwanza, kwa sababu watu walikuwa wamemsikia. Twaha akajibu, "Huyo tuliachana. Iko kwao." Hakuna aliyeuliza kwao ni wapi. Chai ilikuwa imeshamiminwa.

Alinipangishia chumba kimoja katika ua wenye vyumba vingi, chini ya ule mlima wa mwamba uitwao Jiwe la Tororo. Kitanda kilikuwa nyuma ya pazia, na mbele ya pazia palikuwa na mkeka, stuli, kabati la vyombo na dirisha ambalo nilikuwa nikilipangusa vumbi la saruji kila asubuhi na kulikuta na vumbi jioni. Jiko tuliwasha nje. Ukuta wa kushoto nilishirikiana na Mama Nekesa, Msamia mmoja mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa, aliyekaanga mihogo na kuiuza barabarani. Ukuta ule ulikuwa mwembamba. Nilimsikia akikohoa, akisali, akigombana na mumewe kuhusu ndugu zake. Sikufikiri kwamba yeye naye alinisikia mimi.

Siku moja baada ya mavuno ya wimbi Twaha aliingia na kamba ya katani yenye mafundo, akanitupia mapajani. "Hii iko urefu, hii iko upana," akasema. "Kesho twende Busia unichagulie kapeti ya sebule. Mimi macho yangu iko ya tairi tu." Nilisimama nikaitandaza ile kamba chumbani. Ilifika ukutani bado imebaki. Nikaipitisha mlangoni, ikavuka kizingiti, ikaenda hadi karibu na karai la Mama Nekesa, ambaye aliacha kugeuza mihogo akaitazama kama nyoka. Nilirudi ndani. Chumba chenye urefu ule hakikuwa chumba cha kupanga. Mtu mwenye kamba ile alikuwa amejenga. "Nyumba?" nikamwuliza kwa sauti ya chini. Twaha akacheka, akasema, "Wewe chagua kwanza." Nimeyarudia maneno yake mara nyingi maishani, nikiyapekua kama mtu anayetafuta sindano kwenye nguo. Alisema kapeti ya sebule. Hakusema sebule yetu. Neno "yetu" niliongeza mimi.

Duka lilikuwa upande wa Kenya. Mazulia makubwa yalikuwa yamesimamishwa yakiwa yamekunjwa, yakiegemea ukuta, na mengine yamelazwa moja juu ya jingine hata ukaweza kuyakalia kama kitanda. Ndani mlinuka gundi na magunia mapya. Mwenye duka alitukunjulia moja baada ya jingine, na kila alipolitupa sakafuni lilitoa pumzi ya vumbi na rangi. Kulikuwa na moja la buluu lenye chui wawili. Kulikuwa na jingine lenye picha ya msikiti mzima, mnara na kuba, na hilo ndilo Twaha alilolipenda papo hapo. "Hii iko na baraka," akasema.

"Watu watakanyaga msikiti?" nikauliza. "Na mtoto akimwaga uji juu ya mnara?"

Mwenye duka akacheka hadi akashika kiuno. "Mzee, sikiliza mke wako," akasema. "Huyu ana akili. Mimi nimeuza hiyo kitu miaka yote na sijawahi kufikiria hivyo."

Kuanzia hapo Twaha akaniachia duka. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile tena. Nilivua viatu nikatembea juu ya kila zulia. Niligeuza pembe nikatazama mgongo wake, nikavuta manyoya kuona kama yanang'oka, nikaomba kitambaa kibichi nikasugua kuona kama rangi inatoka. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nimekulia kwenye sakafu ya udongo uliosiribwa samadi, lakini mikono yangu ilijua la kufanya. Nikachagua la rangi ya damu ya mzee, lenye ukingo wa rangi ya maziwa na maua madogo yaliyotulia, yasiyopiga kelele. Nilifikiri juu ya watoto nitakaowazaa na rangi isiyoonyesha uchafu upesi. Nilifikiri juu ya mama akiingia na miguu yake yenye vumbi la Molo bila kuogopa. Tulipima kwa ile kamba, likatosha kama vile limefumwa kwa ajili ya chumba hicho. Twaha akalipa, nikageuka nisione, kwa adabu.

Wakati wa kurudi upande wa Uganda aliniacha kwenye hoteli ndogo karibu na maegesho ya malori, akaniagizia chapati na maharage. "Kula. Mimi naenda kuweka hii kapeti mahali pazuri, halafu nakuja." Nilikula taratibu, nikanywa chai, nikasikiliza madereva wakizungumza habari za tairi na foleni ya mpakani. Alikawia. Aliporudi nilimwambia nimemwachia chapati moja, akaisukuma sahani. "Nimeshiba," akasema. Nilidhani ni furaha iliyomshibisha. Siku hizi huwaza ni nani alimpakulia, na kama alikula akiwa amesimama au ameketi juu ya zulia lile.

Niliporudi Tororo niliwaambia watu wote. Sikujigamba waziwazi, nilijifanya nalalamika. Nilimwambia Mama Nekesa kwamba kuhama kunachosha, kwamba nyumba kubwa ina kazi ya kufagia, kwamba sijui nitafanya nini na vitu vyangu vya zamani. Kisha nikampa mkeka wangu. Nilimtandikia mwenyewe mlangoni pake, nikasema, "Utumie tu, mimi kule sitauhitaji." Alinishukuru, akaniombea. Wiki zikapita. Twaha alikuja na kuondoka, na kila nilipomwuliza alijibu kwamba fundi bado, mvua imezuia, kapeti iko salama. Mama Nekesa akawa ananiuliza kila asubuhi akiwasha moto, "Nyumba iko aje?" Nami nikawa namwelezea. Nilimpa idadi ya madirisha. Nilimpa rangi ya geti. Siku moja mchana nilikuwa nimekaa kwenye saruji tupu, nimeegemea ukuta ule mwembamba, nikamsikia akimwambia mumewe bila ubaya wowote, "Nyumba ya huyu mtoto iko mdomoni tu." Mumewe akasema, "Mwache. Kila mtu iko na nyumba ya mdomo." Nilikaa palepale, nikiogopa wasije wakajua kwamba niko upande wa pili.

Ndipo mama akaja. Nilikuwa nimemtumia habari mapema, wakati wa kujigamba, na yeye alikuwa amengoja karanga zikauke ndipo aje na zawadi ya nyumba mpya. Aliingia uani na gauni lake la kanisani, gomesi la mabega yaliyochongoka, kuku mzima kwapani na kikapu kichwani, akatazama chumba changu, akatafuta pa kukaa. "Mkeka wako uko wapi?" akaniuliza kwa Kidhopadhola, lugha yetu. Nikamwambia nimeugawa kwa sababu tunahama. Akakaa chini kwenye saruji, akakunja miguu, na macho yake yakatua tumboni mwangu. Mimi nilikuwa na ujauzito ambao ulikuwa umeanza kuonekana kwa mwanamke anayejua kutazama, na mama alijua kutazama. "Basi tukaione hiyo nyumba," akasema. "Siwezi kurudi Molo na kuku."

Twaha alikuwa safarini. Ningeweza kukataa, lakini mlango ulikuwa wazi na Mama Nekesa, aliyeielewa lugha yetu, alikuwa pale nje, mikono imetulia, anasikiliza. Nikachukua leso yangu. Tulishuka Busia mchana, na sikuhitaji kujua njia, maana nilipouliza kwenye maegesho ya malori nyumba ya Twaha iko wapi, mtu wa kwanza alinyoosha mkono, akatuelekeza kana kwamba tumeuliza msikiti. Geti halikuwa la rangi niliyomwambia Mama Nekesa. Maua yalikuwa yamemwagiliwa. Kwenye kamba kulikuwa na nguo za watoto, za watoto wengi, na katikati yao shati la Twaha la mistari ambalo nilikuwa nimelipiga pasi mimi.

Mama aliliona shati kabla yangu. Mlango ulikuwa wazi. Mwanamke alitoka akijifuta mikono kwa upande wa kanga, mnene kidogo, uso mpana na mzuri, mkubwa kwangu kwa miaka kumi au zaidi. "Karibuni, karibuni ndani," akasema. "Mama, karibu, hiyo kuku tuwekee hapa kivulini. Mmetoka mbali?" Hakuuliza sisi ni akina nani. Alikuwa mtu wa namna hiyo, anayekaribisha kwanza. Nikavua viatu, nikaingia, na mguu wangu ukazama katika manyoya niliyoyajua.

Lilikuwa limekaa vizuri mno. Lilijaza sebule ile kutoka ukuta hadi ukuta, na ukingo wa maziwa ulienda sambamba na makochi kama nilivyoona akilini mwangu siku ile dukani, isipokuwa makochi hayakuwa yangu. Ukutani kulikuwa na picha ya Twaha na mwanamke huyu na watoto wao, wote wamevaa nguo za sikukuu. Mama akakaa pembeni kabisa, mahali zulia lilipoishia, miguu yake akaiweka juu ya saruji. Mimi nilikaa pale nilipofikia.

"Baba Swalehe hayuko, amesafiri," yule mwanamke akasema. "Kama ni habari ya mzigo, niachieni nitamwambia." Kisha akanitazama nikitazama sakafu, akatabasamu. "Unaangalia kapeti. Kila mtu anayeingia hapa anaangalia hiyo kapeti. Unajua mume wangu hajui rangi. Alitaka kuleta moja ya picha ya msikiti. Akaniambia kuna msichana wa dukani alimkataza, akamwambia, watu watakanyaga msikiti? Tulicheka sana. Nikamwambia huyo msichana Mungu ambariki, nikimwona nitampa mkono." Akanitazama zaidi. Labda aliona kitu usoni mwangu akakitafsiri kwa wema. "Usiniambie ni wewe?"

Kulikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa pana kama ile sebule. Mama alikuwa kulia kwangu, mtoto wa Twaha tumboni mwangu, shati lake nje kwenye kamba. Nikasema, "Ndiyo. Ni mimi."

Alifurahi kweli. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema yeye ni Safia, akaniuliza jina, nikamwambia Rehema. Hakukubali tuondoke bila kula. Alileta wali na ngege wa kukaanga, mchuzi wa nyanya, na mchicha, akatandika kitambaa juu ya zulia tule hapo hapo. Alimchagulia mama kipande cha tumbo la samaki, chenye mafuta, kama mtu anavyomchagulia mkwe. Samaki alikuwa mtamu. Hilo nalo nimelibeba miaka yote, kwamba nilikula, na chakula kilikuwa kitamu, na nilikuwa na njaa.

Baada ya kula alisogeza stuli moja, akanionyesha doa. Mtoto mmoja alikuwa amemwaga chai ya maziwa. "Ninyi watu wa duka mnatumia nini?" akaniuliza. "Mimi nimejaribu sabuni, imebaki hivyo." Sikujua wanatumia nini. Nikasema, "Niletee maji ya uvuguvugu na kitambaa cheupe, na chumvi." Nikapiga magoti nikaanza kusugua. Nilisugua zulia nililolichagua, katika nyumba niliyoieleza kwa majirani hadi madirisha yake, huku mke wa mume wangu amesimama juu yangu akisema, "Polepole, usijichoshe." Jasho lilinitoka na lilikuwa jambo jema, maana vitu vingine pia vilikuwa vinanitoka usoni. Kisha nikaona mikono mingine karibu na yangu, myeusi, yenye kucha zilizopasuka. Mama alikuwa ameacha pembe yake, akapanda juu ya zulia, akapiga magoti na gomesi lake la kanisani, akachukua upande wa pili wa kitambaa.

"Mama, acha, wewe ni mgeni," Bi Safia akasema, akiinama kumwinua. Mama hakuacha. Tulisugua pamoja hadi doa likafifia.

Tulipoaga, Bi Safia alitufungia ndizi na kipande cha sabuni. Nilitangulia getini, nikijifanya kamba ya kiatu inanisumbua. Mama akasema amesahau kikapu, akarudi ndani. Alikawia kidogo. Aliporudi kikapu kilikuwa mkononi na kuku amebaki kule.

Njia nzima nilijipa moyo kwamba hakuelewa. Mama hakusoma, na nyumbani tulizungumza Kidhopadhola tu. Tulipokuwa tumekaa tukingoja gari lijae nilianza kumwambia kwamba yule alikuwa dada yake Twaha, kwamba nyumba yetu iko mbele zaidi. Aliniacha nimalize. Kisha akaniambia kwa Kiswahili, lugha ambayo sikuwahi kumsikia akiniambia neno lake hata moja, "Athieno. Kiswahili ya soko mimi nasikia. Nyanya yangu nauza na lugha gani?" Basi. Akageuka akatazama barabara hadi Tororo. Nilitamani anipige.

Watu wanaosikia kisa hiki, nao ni wachache, huniuliza kwa nini sikumkabili Twaha. Alikuja siku kadhaa baadaye, nikampikia, nikamfulia, akaniuliza mbona kimya, nikasema tumbo. Ningemkabili ningelazimika kumwambia kwamba nilikwenda, nilikula, nilipiga magoti, nilijiita msichana wa dukani kwa kinywa changu. Yeye alikuwa amenikana mara moja, kwa mzaha wa mume kwa mkewe. Mimi nilijikana nikitazamwa na mama yangu. Nilidhani nikikaa kimya jambo lile litabaki kati ya watu wawili, na mmoja wao alikuwa Molo akipalilia.

Bi Safia alikuja Tororo asubuhi moja, ua mzima ukiwa na watu. Alishuka kwenye bodaboda akiwa na buibui, akauliza chumba cha Rehema, na Mama Nekesa akamwonyesha kwa mwiko. Alisimama mlangoni akatazama. Kitanda, pazia, kabati, saruji. Nilikuwa nimekaa chini nachambua maharage, tumbo limeshakuwa kubwa, sikuweza kusimama upesi. Alivua viatu ingawa hapakuwa na mkeka wala zulia la kumfanya avue, akakaa sakafuni mbele yangu.

"Nilikuja kukutukana," akasema. "Tangu Busia nilikuwa nayapanga matusi, moja moja."

"Nani alikuambia?" nikauliza.

"Mama yako. Alirudi ndani siku ile, akanishika hapa." Akajishika kiwiko. "Akaniambia, huyu mtoto yangu haiuzi duka. Iko bibi ya Twaha, Tororo chini ya Jiwe. Nimeosha uchafu yako, sasa wewe jua. Akaniachia kuku akaondoka." Akachukua punje ya maharage akaigeuza vidoleni. "Tangu hapo sijalala vizuri. Ninaona unasugua. Ninaona yule mama amepiga magoti. Mtu mzima, mbele ya watoto wangu, na mimi nasema polepole, usijichoshe."

"Hukujua," nikasema.

"Sikujua. Lakini nilifurahi. Nilisema kimoyomoyo, angalia, leo watu wa duka wanakuja kunifanyia kazi." Alifunika uso kwa ncha ya buibui. Nilidhani analia, ila alipoufunua ulikuwa mkavu. "Mimi na Twaha hatujaachana hata siku moja, mdogo wangu. Alikuambia tuliachana?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Hatukukumbatiana, na sitasema tulikuwa marafiki siku ile. Alikuwa na wivu na mimi nilikuwa na wivu, na kila mmoja aliiona sura ya mwenzake, akawaza mume alipenda nini pale. Lakini tulichambua maharage yote. Alipoinuka kuondoka Mama Nekesa alikuwa amesogea na karai lake hadi karibu na mlango, akauliza kwa sauti ya kirafiki, "Na huyu mgeni ni nani?"

Nilitaka ardhi inimeze. Bi Safia akavaa viatu kwanza, kimoja, kingine. "Mimi ni mke mwenzake," akasema, na ua wote ukasikia. "Mkubwa. Ile nyumba ya Busia ni ya kwangu. Hakuwaongopea, yeye mwenyewe aliongopewa." Kisha akapanda pikipiki. Hakuna aliyenicheka. Mama Nekesa aliingia chumbani kwake, akatoka na mkeka wangu umekunjwa, akauweka mlangoni pangu bila kunitazama. Nilimchukia kwa hisani ile kwa muda mrefu, na niliutumia mkeka kila siku.

Nilikwenda kujifungulia Molo. Mtoto alikuwa wa kike, mwenye shingo ya kuinama kama baba yake. Watu wa kanisa la mama walikuja kumwona mtoto, wakanywa chai, wakaniita Athieno kwa mkazo uliozidi kidogo kuliko ilivyohitajika, kama watu wanaomrudishia mtu kitu alichodondosha. Twaha alituma salamu, kisha akatuma sukari na sabuni, kisha akaja mwenyewe na lori, siku ya jua kali, mama akiwa ameanika wimbi uwanjani. Alimbeba mtoto, akamtazama sana. Nilimwona macho yakimlengalenga, na moyo wangu, nitasema ukweli, ulimwendea. Halafu akanirudishia mtoto, akaenda nyuma ya lori, akashusha zulia.

Lilikuwa kubwa. Yeye na dereva wake walilitoa kwa shida, wakalikunjua pembeni mwa wimbi, kwenye nyasi, likafunika nafasi kubwa kuliko nyumba ya mama. "Hii iko yako," Twaha akasema. "Iko kubwa kupita ile. Nimepata chumba ingine Tororo, mbili, na sebule. Tunarudi leo."

Mama alisimama na ufagio wake. "Nani aliomba kapeti hapa?" akauliza.

"Mama, mimi narekebisha."

Nikamwuliza, "Busia umewaambia watu mimi ni nani?"

"Watu wanajua."

"Wanajua nini?"

Akatazama zulia. Alinyoosha mguu, akalisawazisha kwenye pembe iliyojikunja. "Hii manyoya yake iko nzito," akasema. "Guza."

Na mimi nikaguza. Nilimpa mama mtoto, nikachutama palepale, nikageuza pembe nikatazama mgongo wa zulia, nikavuta manyoya kidogo kuona kama yanang'oka. Lilikuwa zuri. Kwa kitambo kile nilikuwa nimeshalipanga chumbani, kitanda cha mtoto upande huu, kochi upande ule, na Mama Nekesa mlangoni anashangaa. Nilipoinua macho niliona mama ananitazama, na hakukuwa na lawama usoni pake. Alikuwa anangoja tu, kama anayemngoja mtu amalize kula.

"Tulikunje," nikasema.

Twaha alidhani nataka lipakiwe tuondoke, akainama upesi. Mwanzo wa kukunja zulia kubwa ni kazi ya watu wawili wanaoelewana, maana mmoja akiwahi, linakwenda upande. Hatukwenda upande. Tulipiga magoti sambamba, tukalisukuma kwa viganja, tukalibana, tukangojana, hadi nyasi zote zikaonekana tena zimelala. Tulilibeba, yeye mbele mimi nyuma, tukalipandisha kwenye lori, nami nikafunga kamba kwa fundo alilonifundisha yeye mwenyewe. Ndipo nikamwambia, "Safari njema, Twaha," na yeye akaelewa. Alisimama kidogo ameshika mlango wa lori. Nilingoja aseme jambo lolote lisilokuwa zulia. Nilingoja hata injini ilipowaka, hata lori lilipogeuka karibu na wimbi na mama akalipigia kelele lisikanyage, na nilikuwa bado nangoja lilipoingia barabarani, mikono yangu imejaa vumbi na nyuzi za rangi ambazo zilichukua maji mengi kutoka.